Kati ya Ndiyo na Hapana

Simu ya Veridiana ilikuwa imejaa, na asubuhi hiyo aliamua kuifuta ile programu ya huduma ya kwanza aliyowekewa na mwanawe Godwin, nesi wa Ndanda. Haina muziki wala picha za maana, inakula nafasi tu. Simu ikamuuliza kama kweli anataka kuifuta. Kabla hajajibu, akasikia mtoto akikohoa uani.

Mjukuu wake Rose alikuwa ameshika chupa ya soda, midomo imelowa. Humo mumewe Veridiana alimiminia dawa ya kupulizia mikorosho iliyobaki, kama wafanyavyo wengi pale Makote, utadhani watoto wanasoma harufu.

"Mama Godwin, mtapishe upesi," alisema jirani, Mama Uwesu, akiwa ameshamshika mtoto taya.

"Subiri kwanza, Mama Uwesu."

Alitaka kumpigia Godwin, lakini mtandao haukuwapo. Lile swali lilikuwa bado kwenye kioo, na kidole gumba chake kilisimama kati ya ndiyo na hapana. Akagusa hapana. Akaigusa programu, ikafunguka bila mtandao wala namba ya siri. Akabonyeza picha ya chupa, nayo ikasema taratibu, "Usimtapishe. Mlaze ubavu. Mpeleke hospitali, beba na chupa."

Hospitalini, Rose alipoanza kulilia uji, daktari aliuliza, "Mngemtapisha, dawa ingeingia mapafuni. Nani aliwaambia msifanye hivyo?"

Veridiana akamnyooshea simu, ameishika kwa pembeni kama wembe, akiogopa kugusa kioo asije akaifuta ile programu.