Punda Mzuri wa Mama

Mwaka ule fisi walipomla punda wa mama, mimi nilikuwa nimeshafungua saluni yangu mjini Mugumu. Nasuka watu, naosha nywele, napaka rangi kucha. Mama alikuwa kijijini Issenye, peke yake. Baba alikuwa ametangulia, na sisi watoto tulikuwa tumeoa na kuolewa tukatawanyika. Punda yule mzee ndiye alikuwa akimletea maji kutoka lamboni, ndiye alikuwa akimbebea mahindi kutoka shambani, na kwa kweli ndiye alikuwa akiongea naye mchana kutwa. Fisi walipenya zizini, na asubuhi mama akanipigia simu.

"Hawakuniachia hata mkia," alisema.

Nikampa pole. Akasema, "Siku ya mnada njoo twende wote. Wewe unajua kuchagua vitu."

Sikuwa najua kuchagua punda. Lakini nilikuwa na mteja mmoja, dada ambaye ni daktari wa mifugo, mpenzi wa rasta ndefu nyembamba. Rasta zile huchukua karibu siku nzima, kwa hiyo tukiwa wawili tulikuwa na muda wa kuongea kila kitu. Nikamuuliza punda mzuri anajulikanaje.

"Kwanza sahau sura," alisema, huku kichwa chake kimelala mapajani mwangu. "Mwinue mguu utazame kwato. Mpitishie mkono mgongoni kwa nguvu, kama kuna kidonda kilichopona nje tu atashtuka. Mfungue mdomo uone meno. Halafu mtembeze, wewe ukae nyuma umtazame miguu."

"Na rangi?"

"Rangi ni ya kucha, dada yangu."

Tulicheka sana. Nikayaweka kichwani yote aliyoniambia, na siku ya mnada ilipofika nilijiona mtaalamu.

Mama alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba kipya. Nilimwambia tunaenda kwenye mavi ya ng'ombe, akasema hakuna sheria inayokataza mtu kupendeza mbele ya ng'ombe. Ndivyo alivyo. Alizaliwa Nyamwaga, akaolewa huku Serengeti akiwa msichana, na wazee wa huku bado wanasimulia jinsi alivyoingia kijijini siku ile na viatu vyekundu.

Punda walikuwa wamefungwa pembeni ya mnada, mbali kidogo na ng'ombe. Nikaanza kazi. Niliinua miguu, nikafungua midomo, nikapapasa migongo mpaka mikono ikanuka. Punda wa tatu hivi au wa nne, nikampata wangu.

Alikuwa dume. Sikio lake moja lilikuwa limekatika nusu. Manyoya yake yalikaa viraka viraka kama zulia lililosahaulika kwenye mvua, na mdomo wake wa chini ulikuwa unaning'inia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa ili apewe habari za msiba. Lakini kwato zake zilikuwa ngumu kama jiwe, meno safi, mgongo haukuwa na kidonda hata kimoja, na alipotembezwa miguu yake ilikwenda sawasawa, bila kugongana.

"Mama, huyu," nilisema.

Mama akamzunguka polepole, ameshika pindo la kitenge lisiguse vumbi. "Huyu?"

"Kwato, mgongo, meno, vyote vizuri."

"Na uso?"

"Mama, unataka kumbebesha maji au kumpeleka harusini?"

Mama akanitazama. "Wewe utapanda bodaboda urudi Mugumu kwako, una mume, una watoto, una wateja wanaingia na kutoka. Mimi nikifungua mlango asubuhi, wa kwanza kumwona ni huyu. Kila siku. Huyu atanifanya nirudi ndani."

Nilitaka kucheka, lakini nilimwona hachezi.  Na tayari yeye alikuwa ameshaona kitu nyuma yangu, na uso wake ukafunguka kabisa.

Alikuwa punda jike, rangi ya kijivu iliyopauka karibu na maziwa. Mgongoni alikuwa na mstari mweusi uliopita mabegani ukatengeneza msalaba, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Macho yake yalikuwa yamezungukwa na weusi mwembamba, kama ya mtu aliyepaka wanja. Mwili wake ulijaa, umeviringana, unang'aa. Alikuwa amesimama kando ya wenzake kidogo, kama hakuja nao.

"Ona wanja huo," mama alisema kwa sauti ya chini. "Wewe saluni yako inaweza kupaka hivyo?"

Muuzaji alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na alituona mapema. "Mathe, si uone venye amesimama!" alisema. "Huyu ni farasi, ni vile tu masikio yaliamua kurefuka."

Farasi huku kwetu hatuna. Mimi nimewaona kwenye simu tu, na mama sidhani kama aliwahi kuwaona hata huko. Lakini neno lile lilimwingia.

Nikamkagua jike yule kwa ukali, nikitafuta kasoro. Kwato nzuri. Meno mazuri. Mgongo wake nilipoupitishia mkono ulikuwa laini, manyoya yamelala yote upande mmoja, hakuna hata alama ya kamba.

"Mama, mgongo huu haujawahi kubeba kitu."

"Basi hajachoka," mama alisema, akaanza kupatana bei.

Tulipokuwa tunaondoka naye, tukamkuta jirani yetu wa Issenye anamfungua yule dume wangu mbaya. Mama huyu na mama yangu wanaimba kwaya moja, na kwa miaka wamekuwa wakigombania nani aanzishe wimbo. Ukiwakuta wanasalimiana utadhani ni ndugu, na pengine ni ndugu kweli kwa namna fulani, maana ndugu tu ndio hugombana hivyo bila kuachana. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia huku macho yake yako kwa punda wetu.

"Mwenzangu," mama alimwambia, akimtazama yule dume, "umenunua au umeokota?"

"Mimi nimenunua miguu," jirani alijibu. "Wewe naona umenunua picha."

Walicheka wote wawili. Njia nzima mpaka nyumbani mama alikuwa mbele na punda wake, jirani nyuma na wa kwake, na kila tulipopita mbele ya nyumba watu walitoka kumtazama yule wa mama. Mama aliinua mkono kusalimia kama anagombea udiwani.

Nikarudi Mugumu. Kila nilipompigia simu nilimuuliza, "Punda anaendeleaje?"

"Anazoea," mama alisema.

Wiki nyingine nikauliza tena. "Bado anazoea."

Siku moja nilifunga saluni mapema nikaenda kumtembelea bila kumwambia. Nilishuka kwenye bodaboda karibu na njia ya lambo, nikaona kwa mbali mtu anapandisha kilima na dumu la maji kichwani. Nyuma yake punda anamfuata, taratibu, hana kitu mgongoni, shingoni amefungwa utepe mwekundu. Mtu yule alikuwa mama.

Nilisimama pale njiani mpaka akanifikia. Nilimtua dumu.

"Mama. Maji unabeba wewe?"

"Leo tu."

"Na punda?"

"Ananisindikiza."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikakaa chini. Mama alijaribu kukasirika, akashindwa, akakaa na yeye. Hapo ndipo akaniambia ukweli. Tangu siku ya kwanza, punda yule akifungwa madumu alikuwa analala. Hapigi mateke, hang'ati. Analala tu chini, polepole, kama mtu mwenye adabu anayeomba radhi, mpaka madumu yafunguliwe. Halafu anasimama na kumfuata mama popote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema ulisema."

Ni kweli ningesema.  Mama akaanza kung'oa majani na kumpa punda, moja moja, na punda akayachukua kwa ncha ya midomo.

"Asubuhi nikifungua mlango ananigeukia," mama alisema. "Anapiga kelele mpaka nimjibu. Namwambia nimelalaje, namwambia goti linaumaje. Unajua tangu baba yako aondoke sijawahi kumwambia mtu asubuhi kwamba nimelalaje? Ninyi mnapiga simu jioni, mnauliza nimeshindaje."

Lile neno lilinikaa. Nilibeba dumu mimi mpaka nyumbani, na njiani sikumtania tena. Pembeni yetu alipita jirani na dume lake la sikio lililokatika, limebeba madumu pande zote, linakwenda bila hata kuswagwa. Jirani alitusalimia kwa upole sana, upole ambao mama alisema ulikuwa matusi matupu.

Nilimrudia mteja wangu wa rasta, nikamsimulia. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akauliza, "Tumbo lake likoje?"

"La kuviringana. Ndicho kilichomvutia mama. Amenawiri."

"Ameviringana, halafu analala akibebeshwa." Akaniangalia kwenye kioo. "Jumapili twende nikamwone."

Tulikwenda baada ya ibada. Jirani alikuwa amekuja pia, eti kuazima ungo. Daktari alisimama kando ya punda, akaweka kiganja ubavuni, chini kabisa, akasubiri. Sote tukasubiri naye. Mama alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili kama anasubiri majibu yake mwenyewe.

"Mama," daktari alisema hatimaye, "huyu ana mimba. Na imekwenda mbali."

 Mama akapiga kigelegele kilichowakurupusha kuku wote.

"Nilijua!" alisema.

"Hukujua," jirani alisema.

"Nilijua! Mbona nilimbebea maji?"

Hapo hata jirani alishindwa, akashika mbavu. Mama akageuka kwangu. "Yule muuzaji naye hakujua. Angejua angeniuzia kwa bei nyingine kabisa. Nimenunua wawili kwa bei ya mmoja, na wewe mtaalamu ulikuwa umeshika kwato!"

Nilimtazama daktari. "Hukuniambia habari za tumbo."

"Kweli sikukuambia," alisema, na yeye anacheka. "Na mimi huwa nasema sura si kitu. Kumbe punda akinenepa hivi ni lazima kuuliza maswali."

Alimwambia mama punda asibebe chochote mpaka azae, apewe majani mazuri na maji ya kutosha. Mama akaitikia kwa furaha, lakini nilimwona furaha inapungua alipofika kwenye maji. Kiangazi kilikuwa kimeingia. Lambo lilikuwa limesogea chini, njia imekuwa ndefu, na goti la mama lilikuwa lile lile.

Jirani alikuwa ameshauchukua ungo, yuko mlangoni. Akasimama. "Kesho asubuhi uweke madumu nje," alisema, bila kugeuka. "Wangu atapita."

"Yule wa sikio?" mama aliuliza.

"Yule wa sikio."

 "Asante, mwenzangu," mama alisema, na ninajua maneno yale yalimgharimu kuliko punda mwenyewe.

Kiangazi chote dume lile lilimletea mama maji. Mama alianza kwa kuweka madumu nje na kujificha ndani. Baadaye akawa anatoka kusalimia. Baadaye akawa anatoka na ganda la ndizi au mabua ya mahindi, anampa dume huku anamwambia asizoee. Siku moja aliniambia kwenye simu, "Unajua yule mbaya ukimtazama kwa upande wa sikio zima, si mbaya sana?" Nikamwambia mimi nilimwona tangu mnadani. Akakata simu.

Mtoto alizaliwa asubuhi, mvua za kwanza zikiwa zimeanguka. Mama alinipigia kabla sijafungua saluni, anaongea Kikurya kitupu, lugha ya kwao Nyamwaga, kwa furaha, na mama akirudi kwenye Kikurya hivyo ujue amesahau kila kitu kingine. Niliahirisha wateja, nikapanda bodaboda.

Nilikuta uwanja umejaa watu. Mtoto alikuwa amesimama, miguu mirefu imeachana kama ya meza mbovu, masikio makubwa kuliko kichwa, manyoya yamesimama pande zote. Wanja wa mama yake hakuupata. Rangi ya maziwa hakuipata. Alikuwa na rangi ya majivu, na mdomo wake wa chini, naapa, ulikuwa unaning'inia kidogo.

Jirani alikuwa amepiga magoti kando yake. "Huyu ni wangu kwa sura," alisema.

"Dume lako lilikuwa kwa nani wakati huyu anatungwa?" mama aliuliza. "Acha kujipendekeza."

"Basi ni Mungu ametaka."

Mama alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Nilisubiri aseme kitu kuhusu sura. Hakusema. Alivua khanga yake ya begani, ile nzuri, akaanza kumkausha mtoto masikio, moja kisha jingine, akimnong'oneza.

Mtoto alipoachishwa kunyonya, mama alimpa jirani. Hakutaka malipo, na jirani alilia pale pale uwanjani, akamwachia mama aanzishe nyimbo mpaka Pasaka. Jike naye akaanza kubeba madumu, wala halali chini tena. Anakwenda polepole, na watu wakiwa wanamtazama anakwenda polepole zaidi. Mara nyingine nikifika Issenye asubuhi nawakuta wale mama wawili njiani kuelekea lamboni, punda watatu mbele yao, wanabishana kwa sauti mtoto anafanana na nani. Nawaamkia. Mama ananiitikia, kisha ananipa kamba nishike, maana anataka mikono yote miwili kwa ajili ya ubishi.