Maji Yaliyopotelea Ndani ya Injini

Petro Mughwai alifanya kazi miaka kumi na sita katika karakana ya shirika moja la umma la malori mjini Singida, mpaka shirika lilipofilisiwa mwaka 1992. Malori yalipigwa mnada, wafanyakazi wakaambiwa warudi majumbani, naye akabeba sanduku lake la spana akafungua gereji kwenye kiwanja nyuma ya maghala ya alizeti. Mkewe, Magdalena, alidhani watakufa njaa. Kumbe ndiyo kwanza magari yalikuwa yanaanza kuja. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mfanyabiashara mwenye uwezo alikwenda Dar es Salaam akarudi na pikapu ya mtumba kutoka Japani.

Magari hayo yaliteswa na maji. Madereva walijaza rejeta kwa maji yoyote yaliyokuwa karibu, hata ya ziwa la Singidani, na chumvi ikala shaba ya rejeta taratibu. Mughwai akajulikana mjini kote kuwa ndiye fundi wa kuvuja. Aliacha injini ipoe, akajaza maji, akawasha, kisha akainama na tochi kufuata alama nyeupe zinazobaki maji yakikauka: kwenye mipira ya rejeta, chini ya pampu ya maji, kwenye maungio. Akishaziba hakuishia hapo. Injini ikipoa tena, alifungua mfuniko wa rejeta, akawasha na kutazama kama kuna mapovu yanayopanda. Alichomoa stiki ya oili aone kama oili imechanganyika na maji ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Alinusa moshi. Gari linaweza kupoteza maji bila kudondosha hata tone chini, ikiwa gasketi ya silinda hedi, kile kizibo chembamba chini ya kichwa cha injini, imeungua na maji yanapita humo kuingia kwenye injini.

Mwezi wa saba mwaka 1994, Tamimu, mfanyabiashara wa vitunguu, alimletea pikapu yake. Alisema inakunywa maji kila safari. Mughwai alipoinama tu akaliona tundu, chini ya rejeta, na mstari mweupe wa chumvi ukiteremka kutoka hapo. Akaishusha rejeta, akalisafisha tundu, akalilehemu kwa risasi, akairudisha na kuwasha injini mpaka ikapata moto. Chini palibaki pakavu. Tamimu alikuwa amesimama kando na funguo mkononi. Vitunguu vilikuwa vinamngoja kijijini Mgori. Mughwai alijua bado kipimo cha mwisho, na kwamba kingetaka injini ipoe, saa nzima au zaidi. Lakini tundu alikuwa ameshaliona kwa macho yake. Akamwambia achukue gari.

Siku tatu baadaye, asubuhi, pikapu hiyo ilikuwa inapakia kule Mgori. Kristina, mke wa mkulima mmoja aitwaye Lazaro, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga wa zahanati alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali ya mjini. Hapakuwa na gari jingine. Tamimu hakubishana. Alishusha magunia yote, wakatandika godoro nyuma, Lazaro akapanda akampakata mkewe kichwa.

Hawakufika nusu ya njia kabla gari halijachemsha. Walingoja kidogo, wakamimina maji waliyokuwa nayo, wakaenda kilomita chache, likachemsha tena. Wakamimina maji ya kunywa ya Kristina. Mara ya tatu rejeta ilitapika yote waliyoitia, injini ikagoma kabisa. Tamimu akatembea kutafuta msaada. Lazaro alibaki amesimama juu ya pikapu, amemkingia mkewe jua kwa khanga. Lori la kwanza lilipita saa tisa mchana. Kristina na mtoto wake walikuwa wameshakufa.

Pikapu ilivutwa mpaka gereji ya Mughwai wiki hiyohiyo, na ndipo aliposikia habari yote. Alichomoa stiki ya oili: rangi ya chai ya maziwa. Akafungua silinda hedi, akaitoa gasketi, akaiweka juu ya mfuko wa saruji juani. Ilikuwa imeungua kati ya silinda na njia ya maji, na kingo za pale zilikuwa na masizi magumu, yaliyojijenga kwa muda mrefu. Hilo halikuwa jambo la siku moja. Siku ile alipoliziba tundu, gasketi ilikuwa imeshaungua.

Tamimu aliuliza kama ni lile tundu limefumuka. Mughwai angeweza kumjibu lolote, maana pale hapakuwa na mwingine wa kuyasoma yale masizi.

"Tundu liko salama," alisema. "Ubovu huu ulikuwepo. Mimi sikuupima."

Tamimu alikaa juu ya tairi. Baadaye akamsihi asimpelekee Lazaro maneno hayo. "Msiba umeshapita," alisema, "na watu watasema nilimbeba mgonjwa kwa gari bovu." Mughwai hakumwahidi. Usiku hakulala, wala Magdalena hakulala, na kulipokucha alichukua baiskeli akaenda Mgori.

Alimkuta Lazaro uani anapukuchua mahindi, na binti yake wa miaka minne kando yake. Lazaro alimwamkia shikamoo, akamletea kigoda. Mughwai alimpa pole, kisha akamweleza yote: tundu, mapovu ambayo hakuyatazama, saa moja ambayo hakuingoja. Alieleza polepole, kama anavyomweleza mwenye gari.

Lazaro alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungepima siku ile, ungefanyaje?"

"Ningelizuia gari. Gasketi ilikuwa ya kuagizwa Dar."

"Basi siku ile Mgori pasingekuwa na gari kabisa."

Mughwai alikuwa hajalifikiria hilo, na halikumpa nafuu yoyote. Alisema labda wangembeba kwa machela asubuhi na mapema, labda wangepata gari jingine njiani. Lazaro alitikisa kichwa.

"Mzee, sijui unataka nikufanyie nini," alisema. "Ukitaka nikusamehe, sina nguvu hiyo sasa. Ukitaka nikutukane, sina pia. Nenda tu."

Mughwai akaondoka.

Tangu hapo hakumpa mtu gari kabla injini haijapoa na kupimwa upya, hata mwenye gari akigomba. Wateja wakachoka. Gereji nyingine zilikuwa zimefunguliwa karibu na stendi, mafundi vijana wanaziba kwa gundi na kukurudishia gari papo hapo, na watu wakahamia huko. Tamimu naye hakurudi. Pikapu aliiuza vipandevipande. Kufika mwaka 1998 Mughwai alikuwa ameifunga ile gereji, akarudi kwao Ikungi kulima alizeti.

Lazaro hakukaa Mgori. Alimpeleka binti yake Kiomboi kwa bibi yake mzaa mama, akasema anakwenda migodini kutafuta kazi. Mughwai aliulizia habari zake kwa kila dereva aliyepita Ikungi akitokea migodini. Hakuna aliyekuwa amemwona.