Fundi wa Seva Yetu

Fundi wa seva ya ushirika wetu wa alizeti hufuta vidole kwenye suruali kabla ya kugusa kibodi, na huibembeleza mashine kama mtu anayekamua mbuzi mkaidi. Leo alikuja kupanua sehemu ya diski iliyojaa bila kuweka mfumo upya. Humo mna ramani za mipaka ya mashamba ya wanachama wote. Kazi ilipokwisha kuanza, nikamuuliza nakala ya akiba iko wapi.

“Nimeifuta, mama. Ndiyo iliyokuwa inakula nafasi.”

Nikamwamuru asimamishe.

“Nikisimamisha katikati, inakufa kabisa,” akasema kwa sauti ya chini, akitabasamu. “Tulia, mama. Kila ofisi nafanya hivihivi. Umeme usipokatika, huwa inapona.”

Nikainua macho kwenye feni ya darini. Ilikuwa bado inazunguka.