Bembea Chini ya Mteremko

Mchora ramani wa bustani za mji huzungumza kwa sauti ya chini, na kila apitapo chini ya mteremko wa mlima ulio kando ya mji hubana mkoba kifuani kama anayepita mbele ya mbwa mkali. Siku meya alipogusa ramani na kusema, "Bembea za watoto tuziweke hapa, mama, mlima huu haujamla mtu," alichora miti mahali hapo kwa penseli. "Hapo nitapanda miti tu," alijibu. Meya akanuna, lakini akamwachia.

Mvua zikaja. Jiwe kubwa kama lori likaporomoka, likalala juu ya miche. "Umetuokolea watoto," meya alimwambia. Hakusikia. Alikuwa akitazama nyumba zilizojipanga chini ya mteremko uleule, moshi wa jikoni ukifuka.

"Na wale, mheshimiwa?" akanong'ona.