Kiganja Kimoja cha Pumba

Tulipokuwa watoto, pumba ilikuwa ya kuku, basi. Ninyi mliokua Nakuru nyakati zangu mtanielewa nikisema pumba ilikaribia kumfukuzisha mama yangu kazi.

Mama alifanya kazi kwa Mama Keiko, Mjapani ambaye bwanake alikuja na mambo ya kuchimba visima. Nyumba ile viatu vinabaki mlangoni, na kabla ya kula unakutanisha mikono ushukuru, hata kama ni wali na supu tu. Wali wenyewe unashikana, si huu wetu. Niliupenda mimi, lakini naona nimetoka njiani.

Mama Keiko alikuwa na ndoo ya pumba iliyolowa, yenye chumvi. Anazika matango leo, kesho yanatoka machachu, matamu ajabu. Pumba ilikuwa ya mama yake, alikuja nayo kutoka kwao, na ni lazima ikorogwe kwa mkono kila siku, la sivyo inakufa. Akasafiri wiki mbili. "Mama Rahab," akamwambia mama, "hii ni kama mtoto yangu."

Siku ya tatu mama akalala na malaria, kazi ikawa yangu. Nilipofunua, harufu ikanipiga. Nikaona imeoza, nikawamwagia kuku. Walimaliza, na mmoja akarudi kuulizia.

Mama hakunichapa, hapo ndipo nikaogopa. Alikaa tu. "Rahab, sasa huyu mama nitamwambia nini?" Halafu akakwangua ndoo, akapata kiganja kimoja pembeni. Kibuyu cha maziwa mala si unaacha kidogo cha kuanzia? Akaongeza pumba ya ngano kutoka mashine ya kusaga, chumvi na majani ya kabichi, akakoroga kila siku, na homa yake hivyo hivyo.

Mama Keiko akarudi, akaonja tango. Mama akamwambia yote. Mimi nimejificha nyuma ya mlango.

"Vita ilichoma nyumba yetu," Mama Keiko akasema. "Mama yangu pia alianza na kiganja moja, ya jirani. Sasa hii iko na mkono yako." Akampakulia mama kidogo kwa mkebe wa majani chai. Nikatoka nyuma ya mlango.

Pumba hiyo iko jikoni kwangu, mtaani Rhonda, mpaka leo. Na hawa watoto wa siku hizi, hata sufuria hawafunui bila simu. Juzi nikiwa matangani Rongai, mjukuu wangu niliyemwachia nyumba akanitumia picha ya ndoo. "Shosho, hii kitu imeoza. Nitupe?"

Nikampigia. "Usitupe. Koroga."

"Na mkono? Shosho, nimefanya kucha."

Nimewacheka sana na simu zao. Lakini enzi zetu tulimwaga kwanza, kuuliza baadaye. Huyu aliuliza, halafu akakoroga, kucha na zote.

Niliporudi nikatoa tango. Lilikuwa chachu kuliko langu, na halikufanana kabisa na la mama; lilikuwa na mkono wake. Nikalimaliza lote.