Pumu Yangu Niliipeleka Bukoto

Nilitoka Kisumu kwa hasira, sikufichi. Mchumba wangu Idi ni Mnubi wa Kampala, na shangazi aliyemlea alikuwa ameizuia posa. Alisikia redioni kwamba vinasaba vya wenye pumu huharibika, akaamua nitawazalia wagonjwa. Nikasema kama ni kunikataa, anikatae nikiwa mbele yake. Mama alinizuia, nikamwambia liwe liwalo.

Alfajiri nikapanda basi. Busia tukagongewa mihuri tukavuka, na kuanzia hapo malori yakatutangulia na moshi wake. Nikavuta pampu yangu ya dawa, jirani yangu kitini akasogea mbali nami kana kwamba pumu inaambukiza.

Mchana nikashuka kituo cha Nakivubo, Kampala. Kuuliza si ujinga. Nilianza kwa daktari wa mapafu, Mkenya mwenzangu.

"Redio haikudanganya," akasema. "Uvimbe wa mapafu huleta majeraha kwenye vinasaba, moshi unaongeza. Mengi mwili huyatengeneza. Lakini majeraha ya mapafuni siyo anayorithi mtoto. Pumu yenyewe hufuata ukoo, ila si lazima. Wewe vuta dawa, kimbia moshi."

Jioni nikafika Bukoto, nyumbani kwa shangazi. Nyumba ile mchumba akija mara ya kwanza, hata asiyetakiwa, hufukizwa udi. Idi, aliyekuwa safarini, alishampigia kwamba naja; nikakuta madirisha yamefungwa, chetezo kinafuka sakafuni.

"Simama hapa juu ya udi," akasema kwa Kiswahili chake cha Kinubi. "Kwetu bibi arusi nanukia."

Kifua kikabana. Nilikibeba chetezo nikakitoa nje, kwenye ngazi. Shangazi akabaki ameshika kiuno. Nadhani hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo.

"Wewe natupa heshima yangu nje?"

"Shangazi, unaogopa vinasaba vyangu vilivyoharibika, halafu unanifukiza?"

Akakaa kitini. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na mutoto?"

"Anaweza kupata pumu, anaweza asipate. Akipata, nitamfundisha kuvuta dawa. Lakini sitamwombea radhi mtoto ambaye hajazaliwa."

"Mudomo unayo," akasema, akaenda kufungua madirisha. Tukala pamoja.

Asubuhi nikaaga. Nilichojifunza safari ile ni kwamba mwili wangu unajeruhiwa na kujitengeneza kila siku, na haujawahi kusubiri ruhusa ya mtu.

Nilikuwa kwenye foleni ya mihuri Busia Idi aliponipigia, sauti imejaa wasiwasi. "Vipi, shangazi amekukubali?"

"Muulize yeye," nikamjibu, "kama anadhani mimi nimemkubali."