Nilikaa Baa Ile Ile, Nikamchoma Binti wa Watu

Nimekosa, na kosa lenyewe linanitia kinyaa. Sijui namna ya kulieleza nikabaki mtu mwema, kwa hiyo nitalieleza lilivyo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la ubatizo katika kanisa letu la Watanzania hapa Toronto. Kwetu pombe ni dhambi, na mimi ndiye ninayewafundisha wageni hivyo. Nina subira. Watu huniletea hata fomu zao za kodi niwaeleweshe.

Lakini kila Jumamosi mchana nilikuwa naendesha gari kupita mji wa Markham hadi mashambani, kwenye baa moja ya zamani.

Niwaeleze ilivyo, maana ni nzuri kweli. Kaunta ni ya mbao nyeusi, imelika mahali ambapo watu wameegemeza viwiko miaka na miaka. Dari limekuwa kahawia kwa moshi wa tumbaku wa watu waliokwisha kufa. Ina milango miwili: mmoja ulikuwa wa wanaume, mwingine wa wanawake waliokuja na waume zao. Hakuna aliyebadilisha hata msumari. Wateja ni wazee wa jirani wanaokula supu, na bibi wanaokuja na wajukuu.

Mimi nilikaa chumba cha pembeni, nikinywa bia zangu mbili. Nilijiambia nimekuja kuangalia mbao.

Jumamosi moja aliyeniletea bia alikuwa Eliwaza, mwimbaji wa kwaya yetu. Kule nyumbani ni muuguzi. Hapa anasubiri vyeti vyake vikubaliwe. Tulitazamana.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, akaweka glasi mezani taratibu. "Supu ya leo ni ya maboga. Nikuletee?"

Kwa miezi mitano alinihudumia, na kanisani alinisalimia kama kawaida.

Eliwaza na binti yake wa miaka minne walipanga chumba mtaa wa Flemingdon Park, kwa Mama Joshua, mzee wa kanisa. Mama Joshua ndiye aliyemwangalia mtoto mama yake akiwa kazini. Bila chumba kile, hakuna kazi.

Siku moja kwenye kikao cha wazee, Mama Joshua akasema, "Huyu binti anarudi na harufu ya pombe nguoni. Anasema yuko jikoni, hoteli moja huko mashambani. Jiko gani hilo linanuka bia?"

Mchungaji akanigeukia. "Mwalimu, wewe unatembea sana huko mashambani. Umesikia lolote?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza pia kuwaeleza kwamba ile si baa wanayoifikiria, kwamba pale watu hunywa chai na kucheza karata. Lakini wangeniuliza nimejuaje.

Nikasema, "Nimesikia anahudumu baa."

"Nilijua mimi," akasema Mama Joshua. "Pua yangu haijawahi kunidanganya."

Mchungaji akanishukuru kwa ukweli wangu. Nikapokea shukrani ile! Nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu mcha Mungu.

Eliwaza akaitwa, akaelezwa niliyosema. Akaniangalia mimi tu. "Mwalimu, nani amekuambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

Mchungaji akamkatiza: anafanya kazi huko au hafanyi?

"Nafanya," akasema. Hakunitaja.

Nikamfuata nje, kwenye magari. "Nisamehe, binti yangu. Ilibidi."

"Ilibidi nini? Mimi nimekunyamazia miezi mitano, na hukuniomba." Alikuwa anamfunga mtoto zipu ya koti. "Huyu atakaa na nani kesho? Hilo nalo umelisikia kwa watu?"

Mama Joshua alimpa wiki mbili ahame. Sasa wanalala sebuleni kwa mama mmoja Mkongo, mtaa wa Lawrence Heights. Kazi imekwenda, kwaya imekwenda.

Nilirudi baa mara moja. Nilitazama zile mbao nilizozipenda, nikaona mahali nilipojificha tu. Bia sikuimaliza. Nikatoka nikatapika kando ya gari, mtu mzima na suti yangu.

Nilimpigia Eliwaza simu mara tatu. Ya tatu akapokea, nikaanza kuungama.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi ukweli naujua. Waambie wao." Akakata.

Hii ni wiki ya nne. Jumapili iliyopita nilifundisha somo la kushuhudia uongo, na nilifundisha vizuri. Nimewaambia ninyi msionijua jina. Wao bado sijawaambia.

Basi ndugu yangu, dada yangu, nikusihi kwa upole wote nilionao. Siku ukiulizwa habari za mwenzako, jiulize kwanza ulikuwa umekaa wapi ulipomwona. Kama huwezi kupataja mahali hapo mbele za watu, funga mdomo wako. Mimi niliufungua, na mtoto wa miaka minne analala sakafuni.